Maandazi ya Soda

Juzi dukani Spånga, hapa Uswidi, mtoto aliona kinyago cha fuvu akamng'ang'ania mamake, "Läskig!" Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa mgeni shuleni, Kiswidi changu bado kidogo. Mwalimu alisema kwenye sherehe ya vuli, kitamutamu kilicho läskig kuliko vyote kitapata zawadi. Neno läsk nilikuwa nalijua vizuri: ni soda. Nikakimbia nyumbani.

"Mama, wanataka vitu vya soda!"

"Wazungu bwana," mama akasema, akamimina chupa nzima ya soda nyekundu kwenye unga wa maandazi. Jikoni kukanukia sukari inayoungua. Tulikuwa na haraka, hatukusukuma wala kukata, tukawa tunadondosha unga kwenye mafuta kwa vidole tu. Yakatoka na mikia na miguu, mekundu, mengine kama vidole vya mtu.

"Mama, yamekuwa mabaya."

"Kwani wanakula kwa macho? Beba!"

Darasani, keki za wenzangu zilikuwa na vizuka vya sukari vinavyotabasamu. Nikawahurumia, maana hakuna aliyetia soda hata tone. Nikafunua sahani yangu. Watoto wakaruka nyuma wakipiga kelele, "Läskigt!"

"Ndiyo," nikajibu kwa maringo, "chupa nzima!"

Leo najua walikuwa wanasema yanatisha. Siku ile nilivishwa taji la karatasi la mshindi, nikatembea nalo mpaka nyumbani kifua mbele.

"Mama," nikatangaza mlangoni, "tumewapiga Waswidi kwa soda yao wenyewe!"