Pasipoti ya Bure ya Mzee Muhanna

Mzee Muhanna alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi hauzeeki. Kutwa alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la mkwewe Shakir, pale Al Ras, akiwakosoa wachukuzi wanavyopanga magunia ya iliki. Mkewe alipofariki London walikokuwa wakiishi, binti yake Fairuz alimleta Dubai ili amtunze. Miaka themanini na sita, sikio moja limeziba, ulimi mzima kabisa.

Basi mwaka ule wa 2013 mpwawe Mishi akapiga simu kutoka Mombasa. "Mjomba, mama hali tena. Anakuulizia wewe tu."

Mama huyo, Hilwa, ndiye dada aliyemlea Muhanna baada ya mama yao kufa. Vita vya Hitler vilipopamba moto, kijana alidanganya umri akaingia Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma. Watu wakamwambia Hilwa aolewe aende zake, mdogo wake harudi huyo. Wapi! Akasema hatoki nyumba ile mpaka Muhanna agonge mlango, na kila usiku akalala bila kutia komeo. Siku moja akagonga kweli, mbavu nje, amevaa koti la jeshi. Koti hilo ndilo shukrani yote aliyopewa, na Hilwa aliwalaani Wazungu kwa koti hilo maisha yake yote.

Sasa safari ilimpasa, na pasipoti yake ya Uingereza ilikuwa imeisha muda. Fairuz aliingia mtandaoni kuomba mpya, mara akageuka.

"Baba, wewe hulipi! Wazee wa rika la vita wanapewa bure. Wanasema ni shukrani."

Mzee akamtegea sikio zima. "Wamenikumbuka?"

"Wamewakumbuka nyote, Baba."

"Na mimi nimo," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya wateja, hata hakuyafuta.

Pasipoti hiyo ilihitaji wiki kadhaa. Hali ya Hilwa ilipozidi, Shakir alisema ubalozini kuna karatasi ya safari ya dharura, ya kulipia, haichukui siku nyingi. Atalipa yeye.

"Sitaki!"

"Baba, ngoja ngoja huumiza matumbo," Fairuz akamsihi.

"Na subira huvuta heri! Dada yangu amelilaani lile koti miaka sabini. Nataka nimtie pasipoti hii mkononi, nimwambie, haya, wamesema ahsante. Ajue hakuningoja bure. Nikanunue karatasi, nimwonyeshe nini?"

Ee Mola, ubishi gani huo! Fairuz alikasirika, akampigia shangazi yake amkanye. Naye Hilwa, kwa sauti iliyokwisha, akacheka. "Mwacheni mdogo wangu. Nilimngoja vita vizima, nitashindwa wiki mbili tatu?" Baada ya maneno hayo, nani angemwambia kitu? Mzee alirudi kwenye kiti chake kifua mbele, kila mchukuzi akaelezwa habari ya pasipoti.

Alhamisi moja adhuhuri simu ikalia dukani. Fairuz aliipokea, akasikiliza, akakaa chini palepale juu ya gunia. Muhanna alimtazama mara moja akajua, akaichukua simu.

"Mjomba, mama ametangulia," Mishi alimwambia akilia. "Tunamzika alasiri hii. Na hakuturuhusu tutie komeo, Mjomba. Kila usiku alituuliza kama mlango uko wazi."

Siku zile mzee hakumkosoa mchukuzi yeyote, na magunia yalipangwa hovyo mbele ya macho yake.

Wiki iliyofuata pasipoti ikaja. Fairuz aliifungua bahasha mwenyewe. Mpya, inanukia gundi, picha yake ndani amekunja uso.

"Ya muda gani hii?"

"Miaka kumi, Baba."

"Miaka kumi nitaifanyia nini mimi?"

Shakir akamwambia taratibu kwamba angalau aende akamsomee Fatiha kaburini, tiketi ataikata leo. Mzee alitikisa kichwa. Akaisukuma pasipoti mezani, ikateleza hadi kwenye mizani ya viungo.

"Fairuz, mwanangu," akasema. "Mpigie Mishi. Mwambie sasa atie komeo."