Nilimficha Mwari Wangu Asitolewe Silikoni

Kosa ni langu, na huruma zenu sizitaki! Nisikilizeni tu, kisha mnilaani mkipenda.

Mimi ni somo, kungwi wa kufunda wari, hapa Tanga. Binti mmoja wa Kigombe nilimfunda alipovunja ungo, na siku ya harusi nikamwingiza chumbani mwenyewe. Saratani ikampata. Akakatwa titi, akawekewa la silikoni, kisha akapigwa mionzi.

Miezi ikapita, kifua kikavimba, kikawa chekundu na kigumu kama kifuu. Daktari akasema silikoni itolewe. Binti akanijia analia: "Somo, mume wangu atanitazama vipi?"

Hapo ningemwambia uhai kwanza. Wapi! Mdomo wangu huu ukasema, "Haitolewi! Utarudi kwa mumeo pungufu?"

Nilikuwa nimesikia habari za bwana mmoja wa koti jeupe, kwenye nyumba ya kupanga, anayejiita mtaalamu wa seli shina. Eti anavuta mafuta ya tumboni, anachuja seli, anazidunga kifuani, uvimbe unakwisha. Mshenzi yule! Lakini aliyempeleka binti kwake ni mimi. Nikamwapisha asimwambie mtu, maana mambo ya somo na mwari ni yao wawili.

Nikamlaza kwangu, simu yake nikaishika mimi. Nesi wa hospitali akapiga kumkumbusha miadi. Nikamjibu, "Kaenda Pangani kuuguza." Akapiga tena. Nikamkatia!

Baada ya sindano ya pili kifua kikatunga usaha. Homa ikampanda hata hanijui. Na mimi nafanya nini? Nafukiza udi, harufu isitoke nje. Udi, jamani!

Mumewe akarudi kutoka Moa kwenye biashara zake, akamkosa mkewe nyumbani, akaja moja kwa moja kwangu, akanisukuma mlangoni. Akafunua khanga, akaona.

"Somo, ulikuwa unaficha nani asione? Mimi? Daktari aliniambia, nami nilishakubali itolewe! Nimeoa mtu, sikuoa titi."

Akambeba mkewe, nami nikamfuata nyuma.

Hospitali walitoa silikoni pamoja na nyama iliyooza. Daktari alinikazia macho: "Bibi, hizo seli shina bado zinafanyiwa utafiti. Tena si sebuleni kwa mtu." Yule bwana wa koti alikuwa keshahama.

Binti kapona. Nilipokwenda kumjulia hali hakuniita somo. Alisema, "Shikamoo, bibi," kama anamwamkia muuza mchicha, akageukia ukutani.

Basi nyie masomo wenzangu, na nyie mashangazi mnaojifanya mnajua kila kitu! Mwari akikuonyesha uvimbe, mshike mkono mwende hospitali, na mumewe aambiwe. Siri ya chumbani isiwe sababu ya mtu kuoza.

Wiki iliyopita binti mkubwa wa mwari wangu yule kavunja ungo. Ngoma imepigwa mtaa wa pili, nimeisikia nikiwa kwangu. Wamemtafutia somo mwingine.