Sema, Nakusikia

"Shangazi, unaongea na nani?"

Nilikuwa darasa la tatu. Alikuwa anapiga pasi, mara akageukia mlango na kusema, "Sema, nakusikia." Mlangoni hapakuwa na mtu. Nywele zilinisimama.

"Na pasi," akanijibu. "Hailalamiki kama wewe."

Shangazi huandaa mafunzo ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Kwanza huwauliza kinachowatatiza, ndipo apange somo, achore picha, afundishe, kisha apime walichoshika. Ila hatua haipiti kabla hajawarudia: "Wapi nimewachanganya?" Wamembandika jina Mama Tena. Hata nyumbani, ukimwambia umeelewa, atakuuliza umeelewa nini.

Likizo hii alinipeleka kiwandani. Mashine mpya ya kuchanganyia sabuni ilikuwa imefika, na meneja alitaka mafunzo yaishe siku hiyo hiyo.

"Mama Tena, somo si liko tayari?" meneja akauliza.

"Halijajaribiwa kwenye ukumbi wa mashine, zikinguruma."

Akawaingiza wafanyakazi humo. Kelele ilinitetemesha meno. Somo lilisema usiingize mkono mpaka taa ya kijani iwake. Dada mmoja wa kufungasha akamvuta Shangazi kando, akampigia kelele sikioni: "Taa yenyewe hatuioni! Mvuke unaifunika!"

Shangazi akakusanya picha zake zote. "Narudi kupanga upya. Na taa ihamishwe."

"Ukirudi nyuma tena," meneja akasema, "natafuta mwingine."

"Tafuta. Lakini somo hili halitoki hivi."

Tukaondoka, mimi nikiwaza kama kesho atakuwa na kazi. Barabarani akasimama ghafla, akageuka. "Sema, nakusikia." Nyuma yetu njia ilikuwa tupu, jua likiwaka, na bado nilihisi baridi mgongoni.

Nikamuuliza tena swali langu la utotoni. Safari hii hakutania.

"Na fundi mmoja. Kabla hujazaliwa niliandaa somo la kuwasha mashine. Unaita, 'Tayari?' Mwenzako akiitika, unawasha. Darasani kimya, tukasikiana vizuri kabisa. Yeye akanyoosha mkono: 'Mama, kule ndani hatusikiani. Mtu ataotea tu.' Nikamwambia, 'Baba, subiri, maoni ni mwisho wa mafunzo.' Wiki ile ile mwenzake aliotea, akawasha fundi akiwa bado ndani ya mashine. Mwisho wenyewe yule fundi hakuufikia."