Alizeti Hufuata Jua, Winfrida Alifuata Kivuli

Winfrida anashona midomo ya magunia ya mashudu kwenye kiwanda kikubwa cha mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji wa Singida. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili. Mimi nashika gunia, yeye anashona. Kazi yenyewe haidai akili, ndiyo maana tumepewa sisi wawili: mimi akili yangu niliiacha chuoni pamoja na nusu ya stashahada, yeye akili yake haijawahi kuripoti kazini. Mkono unavuta uzi, macho yake yako kwao, Issuna.

"Mama Derick," namwambia, "sindano imeingia kidoleni mwangu."

"Kitapona," anajibu, hata hajageuka.

Mchana jua hupenya kwenye matundu ya bati la kiwanda, likashuka katikati ya vumbi la maganda kama kamba za dhahabu. Vumbi lile halitui. Linapanda, linashuka, linazunguka taratibu, na Winfrida yuko katikati yake kama mtu aliyekaa chini ya maji. Ukimwita saa hizo, jibu linachelewa kufika, utadhani limekuja kwa miguu.

Anachokiona humo mimi nakijua, maana amenisimulia mara nyingi kuliko mahubiri ya Pasaka. Anaiona zahanati ya kitongoji chao, upande wa Issuna. Vyumba vitatu, mlango mmoja, na pa kusubiria hakuna. Asubuhi kivuli cha jengo hulala upande wa magharibi, na kinamama wote hukaa huko na watoto wao. Jua likipanda, kivuli kinasinyaa. Nao wanajivuta, wanajivuta, mpaka migongo inagusa ukuta. Saa sita kivuli kinakwisha. Baadaye kinachungulia upande wa pili, na foleni nzima inanyanyuka, inazunguka nyumba, inakaa tena, bila mtu kupoteza zamu yake. Alizeti hufuata jua. Kinamama wa kule hufuata kivuli.

Alipokuwa na mimba ya Derick, ile saa sita ilimkuta pale. Anakumbuka ukuta mweupe, halafu hakumbuki kitu. Alipofumbua macho aliona maua mekundu yakipepea juu yake, akajua amekufa na kwamba huko waendako wafu ni kuzuri. Kumbe ni khanga ya Bibi Severina, mkunga mstaafu, imeshikwa pembe nne na wanawake wanne waliosimama juani ili yeye apate kivuli. Tangu siku ile anaota banda. Nguzo sita, bati, benchi refu. Ila katika ndoto yake bati lile lina maua mekundu, na upepo ukija linapepea.

Sasa kampuni yetu ni kubwa, na kitu kikubwa hupenda kuonekana kina huruma. Kila mfanyakazi ana siku moja kwa mwaka ya kujitolea, na mshahara haukatwi. Kila mwezi pia tunachangia mfuko wa kusaidia jamii. Ni hiari. Ukikataa unaitwa ofisini, unaulizwa kwa upole kama nyumbani kuna matatizo. Pale getini kuna sanduku la mapendekezo: andika mahali unapotaka tukajitolee. Winfrida aliandika zahanati yao miaka tisa mfululizo. Miaka tisa hiyo tulipaka rangi shule moja mara nne, kwa sababu iko kando ya lami na inatoka vizuri pichani. Watoto wa shule ile walishaacha kuegemea ukuta.

Mwaka huu akaja ofisa mpya wa mahusiano, kijana anaitwa Clement, buti safi, sauti ya kusoma taarifa ya habari. Yeye alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika: alilimwaga sanduku lile mpaka chini na akasoma.

"Nani anaandika karatasi ileile kila mwaka?"

"Mimi," alisema Winfrida.

"Hukuchoka?"

"Kwani kivuli kimefika?"

Clement akaenda kupaona kwa macho yake, akarudi uso umeungua, akapitisha.

Ijumaa, kabla hatujatawanyika, alitusomea kanuni. "Tunaenda kutoa, hatuendi kupokea. Chakula chetu tunabeba wenyewe. Atakayekula cha mwanakijiji ataandikiwa barua." Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Mwaka fulani wenzetu walikwenda kukarabati nyumba ya mjane, wakamwachia dirisha jipya na zizi lisilo na mbuzi. Ndipo ikatungwa. Winfrida aliisikiliza kama anavyosikiliza vyote, kutoka mbali.

Kosa lake alishalitenda siku tatu nyuma. Alimpigia simu Bibi Severina: "Bibi, Jumamosi watu arobaini wanakuja kutufanyia kazi."

Mtu wa mjini angeisikia kama taarifa. Mama wa Kinyaturu akiisikia sentensi hiyo, anatafuta kuni. Kwetu ukiita watu walime shamba lako au wakusimamishie nyumba, unawapikia. Mtu akifanya kazi kwako akaondoka na njaa yake, umemfanya kibarua au umemfanya adui, na kazi aliyoiacha haijawa yako. Kwa hiyo kila nyumba ilitoa kuku mmoja. Yeye naye, aliyezaliwa humo humo, alisahau kabisa, maana macho yake yalikuwa kwenye bati la maua.

Jumamosi tulifika mapema. Upepo wa kwetu haubishi hodi, ulikuwa umeshaingia kwenye fulana zetu mpya za kampuni na kutuvimbisha wote, hata mimi nikaonekana nimeshiba. Mawe makubwa yamelala nyuma ya zahanati kama ng'ombe waliocheua wakasinzia. Tulichimba, tukasimika, tukagonga. Saa saba bati la mwisho likakaa. Kivuli kikaanguka chini, kikubwa, cha pembe nne, kipya kabisa. Winfrida aliingia ndani yake na misumari mkononi, akasimama. Alikuwa anaangalia juu.

Ndipo sufuria zikatokea.

Zilikuja vichwani mwa wanawake, mstari mmoja, na harufu ilitangulia mbele kama mpambe. Kuku wa kienyeji na ugali wa mtama. Clement akapiga filimbi. "Jamani, boksi za chakula zipo kwenye gari!"

Bibi Severina akamfikia na beseni la kunawia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nawa."

"Samahani bibi, sisi haturuhusiwi kula."

"Unaumwa?"

"Hapana, bibi."

"Umefunga?"

"Hapana."

"Basi kuku wangu ana nini?"

Watu wakacheka. Clement peke yake hakucheka. "Ni utaratibu wa kampuni, bibi. Hatutaki kuwagharimu."

Bibi aliweka beseni chini. Akatazama banda, nguzo moja moja, kama anayeaga.

"Basi teremsheni bati lenu mrudi nalo. Hatujengewi na watu wanaokataa chungu chetu. Sisi siyo yatima. Mkiliacha, litakaliwa na popo. Hakuna mwanamke wa hapa atakayekaa chini yake."

Alimaanisha. Wanawake wakaanza kufunika sufuria. Wafanyakazi arobaini tuliangalia vifuniko vikishuka kimoja kimoja, na mimi kwa upande wangu nilikuwa tayari kuandikiwa barua, hata kitabu kizima, kwa ajili ya paja moja. Lakini hakuna aliyesogea.

Nilimwangalia Winfrida. Miaka tisa ya karatasi ilikuwa juu ya nguzo sita, na inaondoka. Akavua fulana ya kampuni, ndani alikuwa na blauzi yake. Akaikunja vizuri, akamkabidhi Clement. Akajifunga khanga. Halafu akatembea hatua kama kumi, polepole, akavuka kwenda upande wa wanawake. Akalichukua beseni, akarudi nalo, akapiga goti.

"Karibu, mgeni. Nawa."

"Mama Derick, unafanya nini?"

"Mama Derick yuko kiwandani, anashona. Mimi ni wa hapa."

"Lakini kanuni unaijua!"

"Naijua. Inakataza kupokea. Hizo boksi arobaini ni za nani?"

"Za waliofanya kazi."

"Sisi tumefanya kazi tangu alfajiri, kwenye moshi. Tupeni boksi, mle chetu. Hapo nani amempa nani?"

Clement akainama kulitazama beseni. Upepo ukapita. Maji kwenye beseni yakatetemeka na bati jipya likaonekana humo, likipepea. Akanyoosha mikono.

"Kidogo tu, mama."

"Hakuna kidogo. Lete yote miwili."

Tulikula chini ya banda, wageni na wenyeji, tumechanganyika. Bibi Severina alifungua boksi lake, akauonja ule wali kwa kijiko cha plastiki. "Aliyepika huu," akauliza, "amegombana na mumewe?"

Picha zilifika ofisini kabla yetu. Jumatatu Winfrida alipewa barua ya onyo, na Clement ya kwake. Winfrida aliweka sahihi pa kupokelea, akaichomeka barua mfukoni mwa aproni, akashika sindano.

Alhamisi simu yake iliita katikati ya gunia. Alisikiliza kwa muda mrefu, akiitikia "ee bibi, ee bibi". Alipokata, aliirudisha simu mfukoni.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema leo walikuwa kumi na wawili, wamekaa toka asubuhi mpaka saa nane." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna aliyehama."

Vumbi lilikuwa linazunguka kwenye kamba zake za jua. Winfrida akalitazama kidogo, kama mtu anayetazama nyumba aliyokwisha kuhama. Halafu akainamisha macho kwenye gunia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliliona.

"Hiki kidole cha nani?"

"Changu, Mama Derick."

"Kitoe basi. Nisije nikakushona."