Sentensi Kumi za Kileleshwa

Mwaka uliofuata ule ambao shule za msingi zilifanywa bure, nilikuwa darasa la saba huko Riruta, tukikaa wanne kwenye dawati la watu wawili. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwanamume mwembamba mwenye suti ya kahawia, ambaye nadhani aliona aibu kufundisha watoto wa ploti, wa vyumba vya kupanga. Wiki moja alitufundisha aina nne za sentensi za Kiingereza: za taarifa, za swali, za amri na za mshangao. Ijumaa akatupa kazi. Kila mmoja asikilize Kiingereza kinachozungumzwa kwao, aandike sentensi kumi, na kando ya kila moja aseme ni ya aina gani.

Kwetu hakukuwa na Kiingereza. Kulikuwa na Kikamba cha mama na Kiswahili cha majirani, basi. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Mama alifanya kazi ya nyumba Kileleshwa, kwenye fleti ya orofa ya tatu. Alikwenda kwa miguu kila alfajiri kupitia Kawangware na Lavington, na jioni akarudi vivyo hivyo. Nilimwomba Jumamosi ile anichukue, nikasikilize Kiingereza huko. Alifurahi. Alidhani nitajifunza kitu.

Watoto wa fleti ile walimwita mama Auntie. Mwenye nyumba, aliyekuwa mdogo kuliko mama kwa miaka kama kumi, naye akamwita Auntie. Mama alimwita madam. Nilikaa jikoni kwenye kigoda, daftari magotini, nikawa naandika kila madam alipotoa sauti. *Iron this.* *Close that door.* *Don't use that sponge.* *Hurry up.* Piga pasi hii, funga mlango ule, usitumie sifongo hiyo, fanya haraka. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimefikisha kumi, na zote zilikuwa za amri.

Nilingoja hata swali moja. Lilikuja kweli, *Are you deaf?*, nikaliandika, kisha nikalifuta. Sikujua niliweke wapi. Lilikuwa swali, lakini aliyeuliza kama mama ni kiziwi hakutaka jibu.

Jumatatu mwalimu alisoma daftari langu mbele ya darasa.

"Kumi, na zote amri? Kwenu ni kambi ya jeshi?"

Darasa zima lilicheka, hata wale wasioelewa. Alinipa mbili kwa kumi na kuandika kwa wino mwekundu kwamba sikujaribu. Yule wa nyuma yangu, aliyetunga zake zote akiwa njiani kuja shule, alipata tisa.

Jioni mama aliuona wino mwekundu. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, na Kiingereza cha kuandikwa kilimshinda, kwa hiyo aliniambia nimsomee. Nilipofika sentensi ya tatu akaweka mwiko chini.

"Si hayo ni maneno ya madam?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mwalimu amekataa kwa nini?"

"Anasema hakuna mtu anaongea hivyo siku nzima."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Aligeuza ugali, akaufunika, kisha akauliza bila kuniangalia, "Na ile ingine ya kuuliza, hiyo inaendaje?"

Nikamwuliza ni ya nini. Akasema kwamba akiuliza jambo kwa Kiswahili, madam humwambia ameanza maneno mengi. Labda kwa Kiingereza angejibiwa.

Basi nikawa mwalimu wa mama. Jumapili baada ya kanisa, tukiosha vyombo nje ya mlango, nilimweleza kwamba kwa taarifa unasema *you are*, na kwa swali unageuza, *are you*. Kusikia alisikia vizuri kuliko nilivyofikiri. Miaka tisa ndani ya nyumba ile ilikuwa imemjaza masikio. Kilichokosekana ni ulimi. Aliyauliza masufuria kwa nini yanaungua, akaiuliza sukuma wiki inatoka wapi, na jirani yetu alidhani ameanza kuchanganyikiwa. Sijawahi kumwona mama akicheka kama Jumapili zile. Nasema hivi ili ijulikane kwamba ilikuwa furaha, kabla haijawa kile ilichokuja kuwa.

Jumamosi moja madam alikuwa na wageni wawili, wanawake kutoka mtaa wa kitajiri wa Karen. Mama alinichukua nimsaidie kuosha vyombo. Nilikuwa kwenye sinki, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikimsikia madam akiwaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba wasichana wa kazi wote ni wale wale, kwamba huyu wake anaiba sukari na mchele, lakini afadhali yeye kuliko kuanza kutafuta mwingine. Mama alikuwa akiingia na bakuli la kuku. Alisikia kila neno, kama nilivyosikia mimi. Aliliweka bakuli katikati ya meza taratibu, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema:

"*Madam, why are you telling them I steal?*"

Kwa nini unawaambia kwamba mimi naiba. Sentensi ilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Aligeuza palipotakiwa kugeuzwa. Mwalimu wangu asingepata pa kutia wino.

Mgeni mmoja alipiga makofi. "*She speaks English!*" alisema kwa furaha, kama mtu anayemsifu mtoto wa mwenzake kwa kuota jino.

Madam hakujibu swali. Kuhusu sukari na mchele hakusema lolote, siku ile wala siku nyingine. Alimtazama mama, kisha akatazama nyuma yake, mlango wa jikoni, nilipokuwa nimesimama na kikombe chenye povu.

"Ni wewe?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Wewe ndio umemfunza kunijibu?"

Mama hakuwa amemjibu mtu. Alikuwa ameuliza. Nilijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na ningeweza kuisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, si mtoto wa kubebwa. Badala yake nikasema kwa Kiingereza, na kwa adabu, "*No, madam. Not me.*"

Si mimi. Nikarudia, "*Not me.*"

Mama aligeuka akaniangalia mara moja. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayehakikisha iwapo mlango umefungwa, kisha akarudisha macho mezani.

Aliambiwa achukue vitu vyake. Miaka tisa ilienea katika mfuko mmoja wa nailoni: ndara, leso, sweta, na kikombe cha bati alichokuwa akinywea chai kwa sababu vikombe vya nyumba havikuwa vyake. Tulipotoka, wageni walikuwa wameanza kujipakulia kuku.

Alitangulia njia nzima, nami nyuma yake. Kawangware alisimama kwa mchoma mahindi, akanunua moja, akalivunja na kunipa kipande kikubwa. Nilikila. Hilo nalo sijajisamehe.

Baada ya hapo akawa anakwenda kuketi nje ya mageti pamoja na wanawake wengine, wakingoja wenye nguo za kufuliwa. Siku nyingine alipata, nyingine akarudi alivyokwenda. Jumapili tuliosha vyombo bila somo. Nilitamani anichape, anitukane kwa Kikamba, aseme ni Kiingereza changu kilichomfukuza kazi. 

Mtihani wa darasa la nane nilikuwa wa kwanza shuleni kwa Kiingereza. Mwalimu wa suti ya kahawia alinishika bega mbele ya wazazi akasema yeye ndiye aliyenitengeneza.

Januari mama alinipeleka mjini kununua sare ya shule ya bweni. Katika duka lile, mwenye duka alimwuliza kwa Kiingereza kama anataka sweta la mikono mirefu au mifupi. Lilikuwa swali jepesi, na nilimwona mama akilielewa kabla halijaisha. Midomo yake ilijikunja kidogo. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Ongea na huyu," akamwambia. "Mimi sijui."

Nikaongea. Mwenye duka alimsifu kwa kumsomesha binti anayejua Kiingereza hivi, na mama akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Nje, kwenye kelele za watu na magari, nilipata ujasiri. "Mama, ile siku ya Kileleshwa..."

"Ulikuwa mtoto," akasema haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu hilo mkononi tangu zamani. Akavuka barabara bila kuniangalia.