Fundi Kufuli na gauni lililozua kesi

Saa mbili asubuhi mlango wa fundi uko nusu wazi, na mwanamume mwenye suti nyeusi ameshasimama mbele ya cherehani. Anatoa gauni kwenye mfuko alioubeba, analiweka mezani, anauliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, hili nani kamnunulia mke wangu?"

Fundi anatoa pini mdomoni. "Mimi nashona, shemeji. Sinunui."

"Lakini unajua limetoka wapi."

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Kanijibu ni lake, akageukia ukutani. Wewe ungeridhika?"

Fundi anarudisha pini mdomoni. Mwanamume analikunja gauni ovyo na kuondoka bila kuaga. Akipita, anamtupia jicho kali mwandishi wa gazeti hili, aliyeketi pembeni, kana kwamba mnunuzi ndiye yeye.

Wateja humwita Kufuli. Kazi yake hasa ni kuzifanya nguo za zamani zisitambulike. Hufumua mikono, hushusha shingo, hutandaza lesi, na gauni la harusi ya mwaka juzi likaingia ukumbini kama jipya. Wenye magauni huja kwa kunyatia, na wakikutana mlangoni kila mmoja hudai kaleta shuka za kupinda.

"Wote wananishuku," anasema. "Mmoja akisemwa tu, wa kwanza kufikiriwa ni mimi. Nikiropoka mara moja, duka nimefunga."

Na wanaume?

"Suti ya huyu baba naijua tangu siku anaoa. Mimi namwachia kiuno tu kila kitambi kikisogea. Kaivaa harusini, misibani, kwenye mahafali, na watu wanamwambia kapendeza. Mkewe akirudia gauni, mawifi wanaulizana kama nyumbani kuna njaa."

Gauni la kwenye mfuko ni la zamani. Mkewe alilinunua mwenyewe dada yake alipoolewa, na siku hiyo mume alikaa kiti cha pembeni yake.

"Nililibadilisha vizuri mno," anasema Kufuli, na wala hajisifu.

Mchana mke mwenyewe anaingia, macho yamevimba. Mumewe anapekua simu yake kila usiku, na jana amemwambia arudi kwao akafikirie.

"Mwambie ukweli, mdogo wangu," Kufuli anamsihi. "Utavunja nyumba kwa ajili ya lesi?"

"Nikimwambia, jioni dada zake wote wanajua. Yule hana kifua. Bora anishuku yeye peke yake kuliko nichekwe na ukoo mzima."

Inauma kumsikia, maana anamaanisha. Kufuli anasimamisha cherehani, anamtazama mwandishi, kisha anamrudia mteja wake.

"Mumeo anasoma magazeti?"

"Mpaka matangazo ya vifo."

"Na mawifi?"

"Wale gazeti wanafungia vyombo wakihama."

Mke anamkagua mwandishi kuanzia viatu. Anaomba kitambulisho, anakisoma pande zote mbili, anauliza kama picha iliyopo ni ya kweli. Hatimaye anakubali, kwa masharti: hakuna jina, hakuna mtaa, wala rangi ya gauni isitajwe.

"Na ikijulikana," anaongeza, "nitajua ni mmoja wenu wawili."

Anapoondoka, Kufuli anataja tumaini lake, na anataka liandikwe kama alivyolisema. Baba wa suti nyeusi aligeuze lile gauni ndani nje, afumue pindo la chini upande wa kushoto. Atakuta doa la soda. Soda hiyo aliimwaga yeye mwenyewe kwenye harusi ya shemeji yake, akaomba radhi mbele ya meza nzima. Doa halikutoka, ikabidi fundi alikunjie ndani.

"Akishaliona, arudi kwa mkewe," anasema Kufuli. "Pindo alilete, nitalishona upya. Sitamuuliza kitu."