Mbegu za sikadi zilizolazwa kitandani kwa baba mkwe, Kibua

Wakuu wa kilimo, hamjambo humu? Leo sina swali la viwavi wala la mbolea. Naleta jambo nililoliona kwa macho yangu haya, na atakayesema natunga, mume wangu yupo, aulizwe.

Mimi ni wa Mushaki, nimeolewa Kibua, kule Walikale. Kwetu kutunza mbegu si kazi. Unaning'iniza mahindi juu ya moshi wa jikoni, unangoja mvua.

Kumbe kuna mbegu zinazotandikiwa kitanda.

Mbele ya nyumba ya wakwe zangu kulikuwa na sikadi, ule mti wenye shina fupi nene na majani makali yanayofanana na ya mchikichi. Mbegu zake zina nyama nyekundu ya kupendeza, na ni sumu. Zikianguka, ndani bado ni changa. Unazimenya, unazitunza miezi mahali penye ubaridi na unyevu kidogo mpaka kiini kikomae. Ukiharakisha, zinaoza.

Hadi hapo ni kilimo tu.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alitandaza unga wa mbao wenye unyevu kwenye kitanda chake, akazipanga mbegu juu yake kwa umbo la mtu. Kichwa, kifua, mikono, miguu. Akazifunika kwa blanketi la marehemu. Ndiyo desturi ya nyumba yao. Kila siku alizinyunyizia maji huku akizisalimu, nami nikicheka kimoyomoyo.

Kisha risasi zikaanza kusikika upande wa pili wa mlima. Mume wangu nami tukaenda kumchukua mama mkwe, tumlete kwetu Mushaki.

"Mama, twende. Masasi inalia karibu," mume wangu alimwambia.

"Siendi. Nangojea mbegu ya kwanza ipasuke. Kama ni ya pa kifua, Papa yenu anataka nibakie naye. Kama ni ya pa miguu, ndio kusema ashaenda, na miye nitaenda."

Jamani! Tulimbembeleza, tukamkaripia, mume wangu akataka hata kumbeba. Akakumbatia nguzo ya nyumba. Nililia barazani, maana nilijua kumwacha pale ni kumzika.

Mchana ule mvua ilinyesha. Nikiwa peke yangu ndani, nikasikia kah! chumbani, kama mtu anayevuta kidole kikalia.

Nikafunua blanketi. Mbegu ya kifuani ilikuwa imepasuka, mzizi mweupe unachungulia.

Nikatoka mbio kwa mume wangu barazani. Mama alikuwa jikoni, ng'ambo ya ua, tunamwona.

"Tuihamishe," nikamnong'oneza.

"Mama Neema, ile iko kitanda ya Papa. Miye siigusi," akanijibu.

Tukabaki tunabishana pale mlangoni, hadi Mama akaja mwenyewe bila kuitwa. Tukamfuata ndani. Akafunua.

Kifuani palikuwa na kishimo kitupu. Mbegu iliyopasuka ilikuwa miguuni, mzizi wake umeelekea mlangoni.

Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na sisi ndio tuliokuwa tumeuziba. Mtasema panya. Panya angeacha nyayo kwenye unga wa mbao, na hapakuwa na hata moja.

"Asante, Papa," Mama akasema. Akajifunga kitenge, akaifunga mbegu ile pindoni, tukaondoka. Siku chache baadaye nyumba ilichomwa, kitanda na vyote.

Sasa yuko nasi Mushaki, na mbegu ile imetoa jani nyuma ya jiko.

Nilichojifunza ni hiki: mbegu changa haiharakishwi, na mfiwa vilevile. Mngoje aage.

Ila nilijituliza kwamba ni Mama aliyeihamisha, akatupita bila sisi kumwona. Juzi nikamuuliza.

"Mama, ni weye uliipeleka ile mbegu pa miguu?"

Akaacha kumwagilia kile kimea, akanigeukia.

"Miye? Miye nilitaka kubakia."

Wakuu, mwenye maelezo aandike hapo chini. Nitayasoma mchana.